Jogoo na Marudio

Zamani, ingawa si zamani sana, maana barabara ya kutoka Shinyanga kwenda Tinde ilikuwa imeshawekwa lami, wanyama wa Didia walikuwa na kusanyiko lao chini ya mkwaju kando ya lambo. Vichaka vilikuwa vimerudi. Wazee walikumbuka nchi ilivyokuwa kipara, hadi mwaka 1986 ulipoanza mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, na watu wakahimizwa kutenga ngitili, malisho ya akiba, kama mababu zao, majani yakapata nafasi ya kupumua. Ngitili ikirudi, sungura hurudi. Sungura akirudi, jueni Fisi yuko njiani.

Fisi huyu alikuwa amemla mtoto wa Mama Mbuzi. Hilo halikuwa na ubishi. Alikamatwa na mfupa mdomoni. Wakamburuta hadi kwenye dagashida, baraza lao, na sungusungu walikuwa wameshachuma fimbo. Ndipo Mama Mbuzi akasimama, akafuta pua, akasema, "Nimemsamehe." Akaketi. Hotuba yenyewe ilikuwa hiyo. Fisi akalia, na kwa mara ya kwanza Didia nzima ikamsikia fisi analia bila kudhani kwamba anacheka.

Akabatizwa lamboni, mwaka ambao lambo lilikuwa na maji. Akaomba apewe cheti cha kusamehewa, akapewa, akakiwekea fremu ya kioo na kukitundika ukutani juu ya kiti chake. Mgeni akiingia hukisoma kwanza kabla ya kukaribishwa maji.

Sasa, pale mkwajuni aliishi Jogoo. Kazi yake ilikuwa moja. Kila alfajiri hupanda tawi la juu na kuwika: "Mmesamehewaaa! Sameheniii!" Basi, hadi kesho. Alijivunia ukoo wake. Alisema kuna babu yao aliyewika uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, mtu mzima akaacha moto aliokuwa anaota, akatoka nje kulia. "Na mtu yule," Jogoo alipenda kuongeza, "alikuwa amesema jioni ileile kwamba hatamkana bwana wake."

Mwaka ukapita. Fisi akachaguliwa mjumbe, kisha katibu wa nidhamu, kwa kuwa hakuna aliyejua njia za wezi kama yeye. Akanunua daftari kubwa. Humo akaandika kila deni: Kwale alikanyaga mpunga wa Korongo, Punda alimtukana Nguruwe kisimani, Panya alichukua kibaba cha michembe ya viazi kwenye ghala la kusanyiko, wakati wa njaa, bila kuomba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Deni lake mwenyewe hakuliandika, si kwa hila. Lilikuwa limeshafutwa, na kilichofutwa hakiandikwi. Hapo ndipo penye ugumu, na mimi sioni namna ya kumlaumu: deni ulilosamehewa halina karatasi, halikai mfukoni likakuchoma paja. Unalodai ndilo lenye tarehe na sahihi.

Panya akaitwa dagashida. Akaungama, akasema watoto walikuwa wanalia. Fisi akasoma kifungu: atengwe, asipewe moto wala maji, hadi alipe vibaba vinne. Watu wakatazamana. Juu ya mkwaju Jogoo akakohoa.

"Na huyu naye," Fisi akasema, "ni suala la kujadiliwa."

Wiki iliyofuata kamati ikakaa. Ajenda ilikuwa moja: wimbo wa Jogoo ni uleule. Sungura, ambaye ana elimu, alisema kusanyiko lililokomaa haliwezi kulishwa uji kila siku. Tunahitaji masomo ya hatua ya juu, ikiwezekana semina, ikiwezekana yenye posho. Nguruwe akaunga mkono alipofika neno uji. Fisi akafunga mjadala. "Mimi mwenyewe nimesamehewa," akasema, akinyoosha kidole kule nyumbani kwenye cheti, "na kinachonikumbusha kipo ukutani. Hakipigi kelele."

Mama Mbuzi hakusema kitu. Walimwandika miongoni mwa walioafiki Jogoo aondoke.

Jogoo akafunga kitambaa chake, akashika njia ya Tinde, Kahama, Kakola, mpaka Nyarugusu huko Geita, kwenye dhahabu. Akapata kibarua cha kuamsha wachimbaji, kazi isiyo na maana, kwa sababu karasha zilisaga mawe usiku kucha na hakuna aliyekuwa amelala. Mchana alitazama. Mawe hutoka duarani, yaani shimoni, husagwa yakawa unga, unga humwagiwa maji ukashuka kwenye mwalo, kilicho kizito kikanasa kwenye magunia yaliyotandikwa chini. Kilichonaswa hukandwa na zebaki kwenye beseni, kwa mikono mitupu, hadi kitoke kidonge cheupe kama jino. Kikichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mchanga uliokwisha kupita hutupwa kando.

Ila haukutupwa. Lundo lile lilikuwa na mlinzi, Kobe mmoja mzee, mwenye tochi.

"Mzee, huu mchanga si umeshaoshwa?"

"Umeoshwa."

"Mbona unalindwa?"

"Kwa sababu umeoshwa mara moja." Kobe akazima tochi kuokoa betri. "Huu tunauita marudio. Zebaki ina pupa, inakamata ya juujuu. Mara nyingi hata nusu haifiki. Mwenye akili ananunua lundo, analipitisha tena kwa sayanidi. Nimeona mtu amejenga nyumba ya bati kwa mchanga ambao mwenzake aliupiga teke."

Jogoo alikaa juu ya lile lundo hadi jua likazama.

Didia nako kukawa kimya. Semina ilifanyika, posho ililiwa. Daftari likajaa, likanunuliwa la pili. Kwale na Korongo wakaacha kuchota maji wakati mmoja. Kwa Panya hapakufuka moshi tena. Michembe waliyobakiwa nayo waliitafuna mikavu, na ukipita jirani usiku unasikia meno.

Usiku mmoja Fisi alishtuka akiwa wima. Hakujua alivyotoka kitandani. Mbele yake palikuwa na mlango wa miiba wa zizi la Mama Mbuzi, na kidevu chake kilikuwa kimelowa mate.

"Mwangaluka, Fisi," sauti ikatoka ndani.

"Bado si asubuhi, mayu."

"Najua. Nimeona nikuwahi."

Fisi akafuta kidevu. Akataka kusema alikuwa kwenye doria. Akasema, "Mayu, mimi si ulinisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile." Miiba ikasogea kidogo, pembe moja ikaonekana. "Wewe umeenda na msamaha mzima, ukautundika. Mimi kila asubuhi nahesabu watoto. Nafika watano, mdomo unataka kusema sita. Hapo ndipo Jogoo alikuwa ananikuta. Anawika, nakusamehe, natoka kwenda malishoni. Kesho nahesabu tena, anawika tena. Tangu mmemfukuza nimekuwa nahesabu tu, baba. Nahesabu, hakuna anayewika. Jana nimenoa pembe."

Fisi hakupita nyumbani kuaga. Alitembea siku nne. Alipofika Nyarugusu alikuwa na vumbi la rangi ya ugoro hadi kope, na wachimbaji walidhani ni mmoja wao.

"Kamati imeamua nirudi?" Jogoo akauliza.

"Kamati haina habari."

"Wimbo ni uleule, nakuonya. Sijajifunza mwingine."

"Naujua," Fisi akasema. Kisha, baada ya kimya, "Sidhani kama naujua."

Walirudi usiku. Fisi hakulala. Alikwenda kuketi nje ya zizi, mbali kidogo, upande upepo unakokwenda ili harufu yake isiwashtue watoto. Mbele yake aliweka kijinga cha moto alichokitoa jikoni kwake, akakipuliza kila kilipotaka kufa.

Kukaanza kupambazuka. Ndani Mama Mbuzi akaanza. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano.

Akanyamaza. Fisi akasikia kile kimya chote, tangu mwanzo wake, na hakupata pa kuficha masikio.

Juu ya mkwaju mbawa zikapigwa mara mbili.

"Mmesamehewaaa! Sameheniii!"

"Yaleyale," Sungura akaguna kichakani, akajigeuza upande wa pili.

Miiba ikafunguka, watoto watano wakatoka wakirukaruka, nyuma yao mama yao. "Mwangaluka, Fisi."

"Mwangaluka, mayu."

Akakiuma kijinga kwenye upande usiowaka, akaelekea kwa Panya, akitembea haraka kwa sababu kilikuwa kinakaribia kuzimika.