Namna ya Kukosa Nyumba Bweremana: Hatua Saba za Uhakika

Nyumba uliyoitamani haipotei yenyewe. Ina hatua zake za kupotea, na hapa Bweremana, Masisi, Kivu Kaskazini, hatua hizo zinajulikana. Mtu ana nyumba yake ya mbao huko juu mlimani. Siku moja anaona nyingine inauzwa chini, karibu na barabara itokayo Sake kwenda Minova, mahali ambapo soko halipo mbali na boti za ziwani zinaonekana kutoka mlangoni. Anaipenda. Anampa mwenyewe neno lake, kisha anapanda kwenda kutafuta wa kumwuzia ile ya zamani. Akirudi na mnunuzi wake, anakuta familia nyingine imeshaingiza vitanda.

Mwongozo huu umezipanga hatua hizo kwa mfuatano. Anayetaka kukosa nyumba azifuate zote saba. Anayetaka kuipata asome maelezo yaliyo chini ya kila hatua, maana kwa ajili ya hayo nimeandika.

Hatua ya kwanza: Penda kwanza, hesabu baadaye

Bweremana nyumba hununuliwa kwa dola zilizo mkononi. Benki inayokopesha kwa dhamana ya nyumba hudai cheti cha usajili wa ardhi, na nyumba nyingi za Masisi zimesimama juu ya ardhi ya kimila isiyo na cheti hicho. Basi pesa za nyumba mpya zimo ndani ya kuta za nyumba ya zamani, na hazitoki humo mpaka apatikane wa kuzilipa. Tangu benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita mwishoni mwa Januari 2025, hata mwenye akiba yake alijua maana ya kuwa na pesa asizoweza kuzigusa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kuangalia nyumba ya mtu, andika mambo matatu: pesa ulizo nazo leo, zamu yako ya likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu) inaangukia lini na italeta kiasi gani, na nani katika ukoo anaweza kukukopesha, kwa muda upi. Jumlisha. Kinachopungua ili kufikia bei ya nyumba mpya ndicho kiasi ambacho nyumba yako ya sasa lazima ilete. Kama soko la Bweremana haliwezi kukitoa, nyumba ile si yako, na ni heri ulijue jambo hilo mapema kuliko baada ya kuwaahidi watoto.

Hatua ya pili: Mwambie mwenyewe “nihifadhie” uende zako

Anayeuza nyumba mara nyingi ana shida inayombana: mgonjwa hospitalini, minerval (karo) ya watoto, deni, safari. Anapokuambia atakungoja, hakudanganyi. Ila shida yake haikukubali kungoja pamoja naye. Akija mwingine na pesa kamili jioni hiyo hiyo, atauza, na wewe katika hali yake ungeuza pia.

Kinachoifunga nyumba ni avansi iliyoandikwa. Sheria ya mikataba inayotumika Kongo ni ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na juu ya jambo hili imesema vizuri: ahadi ya kuuza ikifungwa kwa arabuni, yaani avansi ya namna hii, mnunuzi akijitoa anaipoteza, na muuzaji akijitoa anairudisha mara mbili. Mtu anayejua kwamba akikugeuka atalipa mara mbili hufikiri kabla ya kupokea pesa za mwingine.

Lakini karatasi isiyosema kitu hailindi kitu. Usiandike tu kwamba fulani amepokea pesa kutoka kwa fulani. Andika majina kamili ya pande zote mbili. Andika mipaka ya parseli: majirani wa pande nne, mti, kijito, njia. Andika bei yote, kiasi cha avansi, tarehe ya mwisho ya kumaliza malipo, na kitakachotokea kila upande ukijitoa. Watie saini wauzaji, wanunuzi, majirani na shefu wa mtaa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ni mali kubwa kuliko zote ambazo wengi wetu tutawahi kuuziana.

Hatua ya tatu: Mwachie komisioneri kila kitu

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, hulipwa nyumba inapouzwa, awe amenunua nani. Hiyo ndiyo kazi yake na haina ubaya. Lakini wakati wewe unahangaika kuuza ya kwako, yeye hana sababu ya kukaa bila kumleta mnunuzi wa pili, hata wa tatu.

Zipo njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kukaa na mwenye nyumba uso kwa uso, komisioneri akiwepo, ili tarehe yako isikike kutoka kinywani mwako. Ya pili ni kumpa komisioneri huyo huyo kazi ya kuuza nyumba yako ya zamani, na kumweleza wazi kwamba moja haitimii bila nyingine. Hapo malipo yake yanakuwa mawili, na atakuwa na hamu ya kuona umehamia.

Hatua ya nne: Usiulize nyumba ni ya nani

Hatua hii ndiyo hupoteza zaidi, maana mtu hupoteza nyumba pamoja na pesa zake.

Sheria ya ardhi ya Kongo, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi yote ni mali ya Taifa. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha usajili. Kuhusu ardhi ambayo jamii hukaa na kulima kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais ataitolea amri ya kuipangia haki zake. Miongo ikapita watu wakiisubiri amri hiyo. Hivyo katika usheferi wa Bahunde, ambamo Bweremana imo, mtu anaweza kuwa na shamba la babu, akalitolea mwami, mtawala wa kimila, haki yake, akajulikana na kijiji kizima, na bado asiwe na karatasi inayotambuliwa ofisini. Na mwingine anaweza kuwa na karatasi ya ofisini juu ya shamba ambalo wenyeji hawakuambiwa kamwe. Nyumba unayoitaka inaweza kuwa katikati ya hao wawili.

Uliza basi. Muulize shefu nani anatambuliwa kuwa mwenyewe. Waulize majirani, hasa wazee. Muulize muuzaji mke wake au mume wake yuko wapi, maana sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka wanandoa wakubaliane katika jambo kama hili. Kama mwenyewe amekufa, kaa na warithi wote, wala si yule mmoja aliyewahi kushika funguo. Na ujue kwamba kuuza nyumba isiyo yako ni kosa la jinai Kongo. Anayekuharakisha usiulize maswali huenda anaijua sheria hiyo kukuzidi.

Swali moja lazima liulizwe siku hizi kwa moyo wote: mwenye nyumba hii yuko wapi? Mwanzoni mwa 2024, vita vilipoizunguka Sake, watu wengi walikimbilia huku Bweremana na Minova. Januari 2025 vita vikaifikia njia hii yote, na waliokuwa wamepokea wakimbizi wakawa wakimbizi wenyewe. Nyumba nyingi zilibaki na ndugu, na mpangaji, au na mtu aliyeingia tu akazikuta wazi. Nyumba ya aliyekimbia haiuzwi na aliyebaki. Ukinyang'anywa nyumba ya namna hiyo na mnunuzi mwenye haraka kuliko wewe, umeokolewa. Usitafute nyingine kama hiyo, hata kwa bei nusu. Mwenyewe atarudi na watoto wake, na hakuna karatasi itakayokupa uso wa kumtazama.

Hatua ya tano: Ongeza bei kwa hofu

Unaambiwa kuna mtu mwingine, ana pesa zaidi. Huenda yupo, huenda hayupo. Dawa ni kuweka kikomo cha bei nyumbani, wewe na mwenzako, kabla ya kushuka kwenda kuzungumza. Bei ikipita hapo, aga kwa heshima uondoke. Pesa ya kuongeza iliyotoka kwenye chakula cha miezi ijayo si pesa ya nyumba.

Hatua ya sita: Uza ya kwako kwa hasira

Aliyekosa nyumba ya ndotoni mara nyingi huirudia ya kwake kwa dharau. Anaitupa kwa bei yoyote, ili akipata nyingine asichelewe tena. Matokeo yake anabaki na dola chache na hana mlango.

Anza kuuza mapema, bado umetulia, na uza kwa muda wa kuhama. Mwambie mnunuzi wako: nusu ya pesa leo, nyingine siku nitakayotoka, nami nitatoka baada ya miezi mitatu. Iandikeni karatasi hiyo kwa uangalifu ule ule wa ile ya kununulia. Kwa njia hii pesa unayo, paa unalo, na mwenye nyumba unayoitaka anaona mtu aliye tayari kulipa. Kama lazima utoke upesi, hesabu kodi ya nyumba ya kupanga kwa miezi hiyo uitoe kwenye bei kabla ya kukubali. Na usimfiche mnunuzi wako kwamba bado unatafuta pa kwenda. Naye ana watoto, naye pengine ameuza pake akikutegemea wewe.

Hatua ya saba: Mchukie aliyekutangulia

Masisi imezika watu wengi kwa sababu ya ardhi. Ugomvi wa parseli moja huanza na watu wawili, kisha huitiwa ukoo, kisha kabila, na mwisho wake sote tunaujua. Aliyenunua nyumba uliyoitaka huenda alimiliki nyumba nzuri kuliko hiyo mahali ambapo hawezi tena kulala.

Kama ulikuwa na karatasi ya avansi na imevunjwa, idai kwa muuzaji, si kwa mnunuzi. Nenda kwa shefu na mashahidi wako. Isipotatuliwa, nenda kwa wasuluhishi wa ardhi. Kazi hiyo ina mizizi Kivu Kaskazini, na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa, ilianza kuifanya huku mwaka 2009. Mahakama iwe ya mwisho, kwa sababu ya gharama na miaka yake. Kama hukuwa na karatasi, huna kesi. Mpe jirani mpya mkono.

Basi, wewe unayetaka kuhama Bweremana mwaka huu, fuata mfuatano huu: hesabu pesa, tafuta mnunuzi wa nyumba yako atakayekupa muda wa kuhama, uliza mwenye nyumba ya pili ni nani na yuko wapi, kisha weka avansi kwa karatasi mbele ya mashahidi. Ukifanya hivyo bado unaweza kukosa nyumba, maana mwenye pesa kamili mkononi atakuwepo siku zote. Lakini utarudishiwa avansi yako, familia yako itakuwa na paa, na hutakuwa umechukua cha aliyekimbia. Nyumba zitauzwa tena. Sifa ya mtu mwaminifu katika ardhi haiuzwi Masisi kwa dola yoyote.