Lazanya ya Futari

Ukizaliwa Malindi, Uitaliano hukuingia kama chumvi ya bahari inavyoingia kwenye mabati. Waitaliano tumewazoea tangu enzi za kurusha setilaiti kutoka baharini hapo Ngomeni, mwaka 1967, na shangazi yangu alimpikia mmoja wao miaka kumi na moja. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba futari ya Jumamosi naipika mimi, tena lazanya, hakushangaa.

"Ya nyama?"

"Ya nyama na mboga, shangazi. Na tambi nakanda mwenyewe."

"Haya," akasema, akatandika mkeka wake karibu na mlango wa jikoni. Ningejua ule mkeka ulikuwa wa nini!

Nyama ilinitii. Kitunguu, karoti, nyama ya kusaga, nyanya, moto mdogo saa mbili. Watu wa Bologna wanaionea wivu sosi hii hata mwaka 1982 mapishi yake yakasajiliwa kwenye chemba ya biashara ya mji, kama hati ya shamba. Mvinyo wao niliuruka, bila shaka, nikatia biringani na mchicha. Kwa biringani wangenishtaki. Kwa mchicha ninao utetezi, maana wao wenyewe hukandia spinachi tambi zikawa kijani.

Tambi zilikula gramu 400 za unga wa ngano na mayai manne, kopo likabaki tupu. Sosi nyeupe nayo ilidai unga gramu 50, siagi 50, maziwa nusu lita. Nikafungua kopo la pili. Unga mweupe, laini. Nani huandika makopo nyumbani kwake? Nikaukaanga kwa siagi, nikamimina maziwa, nikakuna kungumanga. Na kwa kuwa nimefunga, sikuonja.

Ikaanza kutokota kwa sauti ninayoijua tangu utotoni.

"Mwanangu," shangazi akaita kutoka mkekani, "unapika au unasonga?"

Unga wa mahindi. Shangazi akamtuma mtoto dukani kwa ngano, na ile sufuria ya aibu akaifunika, akaiweka kando bila neno.

Saa kumi na moja na robo lazanya ikaingia ovenini, digrii 180, dakika arubaini. Dakika ya kumi na mbili stima zikapotea. Nikabaki nimesimama mbele ya oveni kama mtu aliyeachwa na matatu ya mwisho.

"Leta makaa," akasema shangazi.

Mkate wa mayai huiva hivyo: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Lakini bakuli langu la kioo lingepasuka, kwa hiyo lazanya ilibidi ihamie sufuriani. Nikalifunika bakuli kwa sufuria, nikapiga bismillahi, nikapindua. Nusu ikashuka. Nusu ikafikiria kwanza, kisha ikaanguka kwa kishindo, ghorofa ya juu ikiwa chini na ya tatu haijulikani iliko. Shangazi akaisawazisha kwa mwiko kama fundi wa lipu.

Adhana ikatukuta tumeketi na shemeji zangu wawili na mjomba. Tende, kisha uji. Mjomba akapiga funda moja, akanyamaza, akapiga la pili.

"Uji huu una siagi! Na kungumanga! Nani kapika?"

"Huyu hapa," akasema shangazi bila kunitazama. Sufuria ya aibu alikuwa ameizimua kwa maziwa na kuitia sukari.

Lazanya, akaonya, iachwe robo saa ishikane. Hata sinyora wake alikuwa akingoja. Shemeji zangu walikuwa wamengoja tangu alfajiri. Nikaikata ikichemka, ikatambaa sahani nzima, mchicha mbele, tambi nyuma. Walikula, kwa kijiko na kwa ndimu. Mjomba aliichungulia sahani yake upande huu na upande huu, kisha akanisogezea kikombe.

"Ule uji umebaki?"