Mwongozo wa Kuwa Rubani wa Majaribio kwa Mkazi wa Kilole

Mkazi wa Kilole aliyechoka kushauriwa akasomee ualimu, eti kwa sababu chuo kiko hapo hapo Korogwe na nauli yake ni ya bodaboda, anaweza kuufikiria urubani wa majaribio. Ni kazi isiyo na msongamano. Wala hatokei mjomba wa kukukatiza akidai hata yeye aliwahi kuifanya enzi za mkonge.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kiwanda kimeunda ndege mpya, wahandisi wamepiga hesabu, kompyuta imekubali, na mwenye kiwanda ameshapiga nayo picha. Wote wanaiamini, ila kupanda hawataki. Hapo unaitwa wewe.

Sharti la kwanza ni kuuacha ujasiri nyumbani. Vijiwe vyetu vimejaa wataalamu wanaojaribu breki mpya mteremkoni, na abiria wawili na gunia la machungwa nyuma. Hao wasijisumbue kuomba. Rubani wa majaribio hufuata kadi iliyoandikwa kabla hajapanda, hatua kwa hatua, na kadi ikiisha anatua, hata kama mafuta bado yapo na watazamaji wanapiga vigelegele. Ndege ya Concorde iliundwa ikimbie mara mbili ya kasi ya sauti. André Turcat alipoirusha mara ya kwanza pale Toulouse, tarehe 2 Machi 1969, alizunguka nayo polepole kwa muda usiofika nusu saa, akashuka. Kasi ya sauti waliivuka tarehe 1 Oktoba. Miezi saba! Kijana wa kijiweni angeshaivuka kabla hajafika Segera.

Watakusimulia habari za Chuck Yeager, Mmarekani wa kwanza kuipita kasi hiyo, tarehe 14 Oktoba 1947, akiwa na mbavu mbili zilizovunjika baada ya kuanguka na farasi, na mlango wa ndege akaufunga kwa kipande cha mpini wa ufagio. Yote ni kweli. Ila usiende na ufagio kwenye usaili. Yeager hakuwa na shahada. Siku hizi wanataka ya uhandisi, hisabati au sayansi inayofanana nayo. Kwa hiyo ile Fizikia uliyoitupa ulipofika Kidato cha Tatu, nenda kaiombe radhi.

Kisha leseni ya rubani wa biashara: umri usiopungua miaka 18, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na saa 200 za kurusha ndege, au 150 ukisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Saa ulizokaa dirishani kwenye basi la Arusha hazihesabiwi. Chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, kimefundisha marubani wengi wa ukanda huu. Ukishafuzu, endelea kuruka, maana vyuo vya majaribio kwa kawaida huanza kukusikiliza ukiwa unakaribia saa elfu moja.

Vyuo hivyo ni vya kuhesabu kwa vidole. Waingereza wana chao Boscombe Down, kilichoanza mwaka 1943. Wamarekani wana cha jeshi la anga pale Edwards na cha wanamaji pale Patuxent River. Wafaransa wako Istres. Na kuna cha binafsi kwenye jangwa la Mojave. Kozi kubwa huchukua kama mwaka mzima na ada yake hukaribia dola milioni moja. Hapa ushauri ni mfupi: uza shamba la mkonge la babu. Kama babu alikuwa manamba kwenye shamba hilo, jiunge na jeshi, kwa kuwa wengi wanaolipiwa ni wanajeshi.

Sasa tufike kwenye mtihani utakaotuangusha kuliko hisabati. Mwaka 1969 George Cooper na Robert Harper walichapisha kipimo kinachotumika mpaka leo. Ukishuka unaulizwa ndege inaendeshekaje, nawe unajibu kwa namba. Moja ni ndege isiyokudai lolote. Kuanzia nne kuna kasoro inayostahili kurekebishwa, kuanzia saba kasoro ni kubwa na lazima irekebishwe, na kumi ni kwamba ilikushinda. "Poa" haimo. "Nzuri tu" haimo. Sisi tumelelewa kujibu "salama" tukiwa kitandani na malaria, na "tunamshukuru Mungu" paa likiwa limeezuliwa usiku. Mtu wetu akishuka kwenye ndege inayotikisika mkia, wahandisi wamemzunguka na kalamu zao, atasema haijambo, ina kahoma kidogo tu. Wakimuuliza kahoma hako ni ka namba ngapi, atasema ka kawaida.

Halafu kuna heshima. Mhandisi mkuu ni mtu mzima, ameihangaikia ndege hiyo miaka kadhaa, na leo ameleta familia yake ije kuiona. Unapaswa kumtazama usoni na kusema: "Shikamoo, mzee. Ni nane." Anza mazoezi nyumbani. Shemeji akiuliza pilau likoje, mpe namba. Huenda ukalala njaa, lakini ulimi utakuwa umezoea.

Kitu ambacho Kilole inakupa bure ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi, na ya nyanda za juu ni nyepesi pia. Injini hupungukiwa nguvu, bawa hupungukiwa cha kushika, na ndege hula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Ndiyo sababu Comet, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, ililetwa Khartoum na Nairobi mwaka 1950 kwa majaribio. Maana yake Afrika Mashariki ilishaajiriwa zamani kwenye fani hii, ingawa iliyoajiriwa ni hewa yake tu. Comet ilifaulu, na mwaka 1954 mbili zikapasuka angani na abiria wake. Kilichofichua uchovu wa bati hakikuwa rubani bali tangi la maji pale Farnborough, ambamo mwili wa ndege ulishindiliwa shinikizo tena na tena mpaka ukachanika. Ukiwa na jina kubwa, kumbuka kulipisha tangi.

Ajira ya karibu ni Morogoro, wanakounganisha ndege ndogo za watu wawili ziitwazo Skyleader 600. Na kila ndege inayounganishwa lazima apatikane mtu wa kuipandisha kwanza.

Imebaki ruhusa ya mama, na hii haina chuo. Usianze na neno majaribio. Mwambie umepata kazi ya kuandika ripoti, jambo ambalo ni kweli kwa zaidi ya nusu. Akiuliza ofisi iko wapi, mwambie ghorofani. Akiuliza ghorofa ya ngapi, muulize mbuzi wanaendeleaje.