Sifa za Nukta na Tarakimu Tatu Zifuatazo

Washairi wa pwani wameusifu mwezi, na mnazi, na jahazi, hata visisaliwe na haja ya kusifiwa; lakini nukta, kile kidoa kisichofika ukubwa wa ufuta, ambacho katika udahili wa vyuo vikuu nchini Kenya huzikata alama za mtahiniwa na kufuatwa na tarakimu tatu, haijapata hata ubeti mmoja wa taadhima, nami naiona dhuluma hiyo haifai kuachwa.

Kwanza tuitazame nasaba yake, kwani haikuzaliwa jalalani. Kwa hesabu ya klasta iliyozoeleka miaka mingi, alama za masomo manne ya fani hugawanywa kwa 48, jumla ya masomo saba hugawanywa kwa 84, majibu hayo mawili yakazidishwa pamoja, yakatolewa kipeuo cha pili, kisha yakazidishwa kwa 48. Na katika moshi wa tambiko hilo, ambalo mzazi hulisikiliza kwa adabu ileile anayomsikilizia mganga, ndipo nukta hutokeza ikiwa imetakasika, haina kabila, haina mjomba serikalini, wala haipokei bahasha.

Fadhila yake kubwa ni kutusitiri. Vyuo vikuu vya umma, ambavyo hadi 1984 vilikuwa kimoja tu, cha Nairobi, leo vimetapakaa kila upande, ila viti vya udaktari havikuongezeka kwa kadiri ya wanaovitamani. Na lau si nukta, ingempasa mkubwa fulani asimame mbele ya watu aseme kwamba viti ni haba, na aulizwe kwa nini. Sasa hasemi neno. Tarakimu ya tatu humsemea.

Mpwa wangu alipata 47 kati ya 48 katika masomo manne ya fani, yaani biolojia, kemia, hisabati na Kiswahili, na jumla ya 73; kijana wa jirani akapata 44, na jumla ya 78. Tambiko likafanywa: wa kwetu 44.278, wa jirani 44.285, na mlango wa udaktari ukafungwa papo hapo kati yao. Wa kwetu akapangiwa shahada ya misitu, yeye ambaye mti pekee aujuao ni mwembe wa uani. (Historia na jiografia ndizo zilizomponza; daktari asiyejua mipaka ya mito, nakubali, ni hatari kwa wagonjwa.)

Jioni ile bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele, alitaka aonyeshwe kilichopungua. Tukamwandikia kwenye karatasi: sehemu saba katika elfu. Akaisogeza karatasi karibu na taa, akaigeuza, akaangalia na nyuma yake.

"Muuza kunde wa soko la Kongowea," akasema, "akisha kulijaza pishi, hutia na konzi moja juu yake. Hao wenzetu hawana nyongeza?"