Neno Moja kwa Chai na kwa Mazishi

Mwaka 1852 daktari mmoja wa London, Peter Mark Roget, aliwafungulia Waingereza ghala zima la visawe: kitabu kilichopanga maneno kwa maana, ili mtu asikwame akitafuta linalofaa. Wakakinunua kwa hamu, kikachapwa tena na tena. Kisha wakaendelea kusema 'nice'.

Chai ni nice. Siku isiyo na mvua ni nice. Mchumba wa binti, ambaye mama amemkagua kutoka utosini hadi kwenye viatu asione la kumsifia, naye ni nice. Tena akitiwa 'very' mbele, ujue mambo ni mabaya kweli. Hata mazishi, yakienda bila ugomvi wa mirathi, huwa nice.

Mwandishi Jane Austen aliliona mapema. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwa kulibebesha neno hilo kila mzigo. Wasomaji walicheka sana. Walimu nao hulikata kwa kalamu nyekundu kwenye insha, na watoto, kwa utii mkubwa, huandika 'lovely'.

Ukoo wa 'nice' ndio mtamu. Limetokana na nescius ya Kilatini, yaani asiyejua. Likapitia Ufaransa, na lilipoingia Uingereza enzi za kati lilimaanisha mpumbavu. Basi jirani wa Leeds akikuita mtu nice, shukuru, ila usimuulize anatumia kamusi ya karne gani.