Sifa za Bluu

Masikio yangu bado yanawaka. Tulikuwa msituni, Taman Negara, Malaysia, wageni watupu tumetoa shingo kama kobe, kiongozi akinong'ona kwamba mdiria wa milia katua pale, nyuma ya ule mtambaazi, tawi la pili. Wenzangu wakaguna kwa raha. Mimi niliona majani.

"Umemwona, bwana?"

"Nimemwona! Lo, bluu gani ile! Mungu fundi!"

Kimya. Mama mmoja mwenye darubini ya bei mbaya akanitazama kwa huruma. Tawini palikuwa na jike, na jike hana bluu hata chembe. Mgongo wake ni mistari ya kahawia-nyekundu na nyeusi. Mwenye kofia ya bluu ni mumewe, ambaye siku hiyo hakuwapo.

Na hiyo bluu yenyewe, nilipoisoma usiku kwa hasira, kumbe si rangi! Saga unyoya wa bluu wa mdiria, utabaki na vumbi lililokosa bluu. Ndani ya unyoya mna keratini, ndugu ya kucha zetu, iliyojaa vitundu vya hewa vidogo kupindukia, na nafasi baina yake zimepimika barabara: mwanga wa bluu hurudishwa nje, mwingine hupenya ukamezwa na weusi ulio chini. Kwa hiyo nilisifu rangi isiyokuwapo ya ndege asiyekuwapo.

Kumwona naye ni kazi. Samaki hana habari nao. Anangoja panzi, buibui na mijusi, ametulia tuli, kichwa kikigeuka polepole, kishungi kikipanda na kushuka.

Lakini nisichekwe mimi peke yangu. Njia nzima ya kwenda huko ilikuwa michikichi, saa baada ya saa, mti uliotoka Afrika ukapandwa pale palipokuwa na misitu ya tambarare, makao ya ndege huyuhuyu. Mimi nimelipa nauli, kiingilio na darubini ya kukodi yenye ukungu, nikatahiniwa mbele za watu. Waliofyeka misitu hakuna aliyewauliza kama pale tawini palikuwa na dume au jike.

Jioni ruba wakaninyonya. Kesho yake Mto Tembeling ukameza kiatu changu cha kushoto. Darubini niliirudisha, na risiti sikupewa.