Jinsi ya Kufika Mbeya kwa Pikipiki Bila Kuwa Shujaa

Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association. Kinatoa cheti kwa aliyeendesha pikipiki maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24, na risiti za mafuta zikamshuhudia. Sasa, Dar es Salaam hadi Mbeya, kwenda na kurudi, ni karibu umbali huohuo, na kila kundi la waendeshaji lina mtu aliyekwisha kupiga hesabu hiyo. Wastani wake ni kilomita 67 kwa saa, usiku na mchana, kula na kujaza mafuta humohumo, kwenye barabara ambayo kila kijiji kinakutaka ushuke hadi 50. Kazi yako ni kuhakikisha kundi zima linashindwa, na kila mmoja anafika akijiona mshindi.

Kabla ya safari, danganya muda. Watangazie saa kumi alfajiri, wewe ukijua mtaondoka kumi na mbili kukipambazuka. Mchelewaji wenu atatokea saa kumi na moja na nusu akiomba radhi. Muda huo wa kumsubiri utumie kupima upepo wa matairi na kukaza minyororo. Begi la spana mpe anayejua kuzitumia, na huyo akae nyuma kabisa.

Mbele muweke mwenye pikipiki ndogo kuliko zote. Hapa unahitaji ulimi. Usimwambie kwamba yeye ni wa taratibu, mwambie, "Kaka, njia hii unaijua, tuongoze." Atakubali kabla hujamaliza sentensi. Tangi lake ndilo litakaloamua mnaingia sheli ipi, mwendo wake utakuwa mwendo wa wote, na mwenye injini ya cc 1,200 hatapata nafasi ya kutimua mbio. Usilichukulie hili kirahisi. Anayeongoza akikimbia, wa mwisho hulazimika kukimbia zaidi ili asiachwe, na ndiye anayejikuta analipita lori kwenye kona asiyoiona mwisho wake.

Ukifika Chalinze, au popote macho yanapoanza kuwa mazito, singizia pikipiki. Mwendeshaji hakiri uchovu mbele ya wenzake, lakini kusema mnyororo umelegea hakumwaibishi mtu. Simama. Piga goti kando ya gurudumu, shika spana, inamisha sikio kama unayesikiliza injini. Wote watashuka kuja kukushauri, maana kila mwenye pikipiki ni fundi. Wakiwa wanabishana watakunywa maji, watajinyoosha migongo, watakwenda haja, na dakika 20 zitakuwa zimepita bila mtu kuomba mapumziko. Ukisikia mwenzako naye anasema mnyororo wake umelegea, usimwambie uliukaza wewe asubuhi. Washa indiketa, simama naye.

Mikumi, barabara inakatiza hifadhini kwa karibu kilomita 50. Pita mchana, pita polepole. Anayelalamika mwambie unatafuta tembo.

Chini ya Kitonga, simamisha kundi mpige picha. Hakuna atakayekataa picha. Mlima huo una kona juu ya kona, malori yanapanda yakijikongoja na mengine yanashuka breki zikiwa zimepata moto, na aliyetoka kusimama hana pupa kama aliyekuja moja kwa moja kutoka Mikumi.

Iringa, mmeshakula kama kilomita 500. Hapa ndipo mnaposhindwa rasmi: laleni. Mpiga hesabu wenu atapinga na kutaja saa 24 zake. Usibishane naye kuhusu ujasiri, utashindwa. Mwambie kwamba hata hao mabingwa wa Iron Butt hulala kando ya njia, kwenye benchi au chini penye pikipiki, na usingizi huo wanautania kwa jina la Iron Butt Motel. Akishasikia kwamba kulala ni jambo la mabingwa, atakuwa wa kwanza kuuliza bei ya chumba. Akikaza shingo bado, mpe hesabu nyingine: kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne, umeendesha mita 100 hakuna dereva. Usingizi wa namna hiyo hauagi, na hushika zaidi kati ya saa nane usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo anataka muwe mnarudi Dar.

Kahawa nayo ina namna yake. Inachukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inywe, kisha lala dakika 20 palepale. Utaamka vyote viwili vimekusaidia.

Kuanzia Mafinga hadi Makambako kuna baridi, hasa Juni na Julai. Weka gazeti ndani ya jaketi, kifuani. Linazuia upepo, na halionekani kwenye picha.

Na mwili ukikataa kabisa? Pandisha pikipiki kwenye Fuso, ifunge kamba vizuri, kaa mbele na dereva. Shuka Uyole, acha vumbi lilipo, ingia Mbeya mjini ukiendesha mwenyewe. Wenzako watajua, na kundi la maana hutunza siri hiyo kwa sababu kesho ni zamu ya mwingine. Ila ukitafuta cheti cha wale Wamarekani, usiwadanganye; risiti wanazikagua, na wapo waliokipata cheti hicho kihalali kwa kujiandaa.

Mkifika, hesabuni pikipiki. Kisha mpigie simu mtu wa nyumbani kwanza, ndipo uweke picha.